Bhangi Nyuma ya Banda la Kuku

Nina diploma ya kilimo, na ada yake niliilipa mwenyewe kwa kubeba magunia sokoni Mwanjelwa. Kanada nilikwenda bila kubebwa na mtu, na huko niliajiriwa kwenye shamba la bhangi. Ndiyo, bhangi. Leseni ilitundikwa ukutani, serikali ilichukua kodi yake, na mtu mzima aliinunua dukani akapewa risiti kama anayenunua sukari. Wageni wakija, kitalu changu ndicho walichoonyeshwa. Leo nimerudi, nina duka la pembejeo ambalo mtaani kwetu halina mfano.

Kwa hiyo shangazi yangu wa Igowole, aliyenilea, alipokamatwa kwa mashina machache ya bhangi nyuma ya banda la kuku, nilijua nitamtoa. Kwetu kuku akikohoa hutwangiwa majani hayo, kisha hutiwa kwenye maji yake ya kunywa. Mama yake shangazi alifanya hivyo, na bibi yake pia.

Nilivaa suti, nikamtafutia wakili, nikamweleza wakili huyo habari zote za leseni na kodi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Bosi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hayo mahakamani usiyatamke. Wewe kaa kimya. Mama aseme hajui nani kapanda, basi."

Hakimu alimuuliza shangazi kama mimea ile ni yake. Kwetu mtu hakani alicholima. Anayekana ni mwizi. Shangazi akakaza kitenge chake.

"Ya kwangu, baba. Nimepanda mwenyewe, nikapalilia. Mbona ilistawi!"

Watu wakacheka. Wakili akainamisha kichwa.

Alihukumiwa kifungo cha miaka ambayo umri wake haujabakiza. Kule Chunya mtu akilima tumbaku hukopeshwa mbolea, hukatwa ushuru, huitwa mkulima bora. Nilitaka kusimama niseme hivyo: mtu mzima aruhusiwe, apewe masharti, atozwe kodi. Lakini nani angenisikiliza? Mimi niliyezoea kusikilizwa, niliketi tu kwenye benchi.

Mlangoni askari alituachia tuongee kidogo.

"Mwanangu, huko ulikokuwa, bibi kama mimi angefungwa?"

"Asingefungwa, shangazi. Angelipia leseni na kodi."

"Sasa si wangeniambia tu? Ningelipa."

Gari la magereza lilikuwa refu kwenda juu. Ngazi ilimshinda, askari wakamsukuma mgongoni. Nilinyoosha mkono nimshike, wakaniambia nirudi nyuma.