Damu ya Consolée

Hamissi, mbeba abiria kwa baiskeli, aliruka chini kabla baiskeli yake haijasimama. Domitille alikuwa nyuma ya nyumba yake, mjini Rumonge, akikoroga mawese kwenye pipa kwa mti mrefu.

"Amahoro, Mama Roger. Natoka Gatete. Weka ule mti chini kwanza."

Hakuuweka. "Ni mutoto?"

"Ni mutoto. Ametutoka alfajiri. Walitaka kumleta hospitali usiku, lakini njia ilifungwa mpaka asubuhi, risasi zilikuwa zinalia."

Domitille aliendelea kukoroga, kana kwamba mikono haikusikia. Mjukuu wake Consolée alikuwa na miaka minne, na kama alikuwa Gatete, mbali na hospitali, ni kwa sababu bibi yake alimfukuza.

Chanceline, mama wa mtoto, alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa. Consolée alipoanza kuvimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa, Domitille alitamka mbele ya watu wa kanisa kwamba ugonjwa ule ulivuka ziwa pamoja na bibi harusi. Mwanawe Roger, mume wa Chanceline na mwalimu wa biolojia, alimketisha. Akashika shanga ambazo bibi mwenyewe alizitunga kwa kiuno cha mjukuu.

"Mama, ndani ya kila seli iko maagizo. Yenyewe hayatoki mahali pake. Yananakiliwa, nakala inapelekwa kwa watungaji. Wanasoma, wanatunga kipande kwa kipande, kama wewe na hizi shanga. Mnyororo ukiisha unajikunja, unakuwa protini. Sasa ile protini inayobeba hewa kwenye damu ya Consolée, agizo lake lina herufi moja iliyokosewa. Watungaji wanatii tu, wanaweka kipande kisicho chake. Seli ya damu inapinda kama mundu, inaziba njia."

"Nani aliikosea?"

"Hakuna mtu. Inarithiwa. Mtoto anaugua akiipata pande zote mbili. Moja ya Chanceline, moja yangu."

"Na yako uliitoa wapi?"

Roger aliziachia shanga.

"Kumbe shule ni ya hiyo," alisema Domitille, "kuja kumwambia mama yako alikuzaa na sumu."

Siku chache baadaye, Roger akiwa kazini, Domitille alimwambia Chanceline achukue mwanawe aende. Chanceline alikwenda kwa dada yake Gatete, na Roger alipomfuata, Chanceline alikataa kurudi, naye Roger akabaki huko.

Lakini Domitille aliujua ugonjwa ule. Kabla ya kumzaa Roger alizika watoto wake wawili waliovimba vidole vile vile, na wakati ule alimsingizia jirani uchawi. Roger alipokuwa akieleza, Domitille aliwaona wale watoto wawili waziwazi, lakini hakuwataja.

Sasa Hamissi alimpakia Domitille kwenye baiskeli. Njiani Domitille alisali Baba Yetu, akashindwa kuvuka maneno ya kusamehewa.

Nyumbani kwa dada yake, Chanceline alikuwa ameketi mkekani kando ya mtoto. Domitille alipiga magoti mlangoni.

"Mwanangu, wangu wawili walikufa hivi hivi. Nilikufukuza nikijua."



"Ungesema, Mama, tungekuwa karibu na hospitali." Kisha Chanceline akasogea kumpisha. "Ingia. Tumuoshe."

Walimuosha, wakamfunga kitenge. Roger alimbeba mwenyewe. Mchungaji alisoma zaburi fupi, kwa kuwa askari hawakutaka watu wakusanyike. Chanceline alitupa udongo kaburini, akafuata Roger, kisha Domitille. Watu wakanawa mikono kwenye beseni moja, kama ilivyo desturi. Roger na mkewe walirudi kwa dada wa Chanceline, na Domitille akashika njia ya Rumonge kabla barabara haijafungwa tena.