Diski Iliyochukuliwa Msibani

Kwa miaka sita watu wa Mjimwema, hapa Songea, walimwita Mfuta Wazee. Jina lake ni Fulgence Kalinga, fundi wa kompyuta, na hasa wa zile diski za ndani zinazotunza kila kitu unachokiandika au kukirekodi. Naandika habari zake nikiwa mmoja wa waliompa jina hilo baya, au tuseme mmoja wa waliotia saini karatasi iliyolizaa.

Baba yake alikuwa Mhehe, dereva wa lori aliyetoka Iringa na shehena ya mbolea, akaoa hapa, akabaki. Fulgence amezaliwa Songea na anakisema Kingoni vizuri kuliko wajukuu zangu, ambao ukiwasalimia kwa Kingoni wanacheka kama umewatekenya. Lakini ukoo ni wa Iringa, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana.

Siku hizi watu wanadhani utani ni kutukanana kwenye simu. Utani ulikuwa sheria. Mngoni akifa, mtani wake Mhehe aliingia mpaka chumba cha ndani, akatwaa koti la marehemu, akalivaa, akaiga mwendo wake na kuyataja mabaya yake, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Kitu alichokishika hakunyimwa. Msiba ukiisha, wafiwa walimwendea na kuku, wakakikomboa kitu chao, naye akakirudisha. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Sasa msibani kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti na ratiba iliyochapwa, na watani wamepangiwa dakika mbili baada ya salamu za ofisi.

Nirudi kwa Fulgence. Palikuwa na kituo kidogo hapa mjini, cha kutunza sauti za wazee. Nilizirekodi nyingi mimi mwenyewe, kwa kanda, nikizunguka kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji kabla hakujawa na simu mfukoni mwa kila mtu. Wazee mia mbili na kumi na wawili: ukoo wa nani ulitoka wapi, mpaka wa shamba unapita jiwe gani, nyimbo za ngoma ya lizombe ambazo hakuna anayezijua tena. Kanda zilipoanza kuoza, Fulgence alizihamishia kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kwa miezi kumi na mmoja. Kanda zenyewe zikachomwa moto, maana mkurugenzi alisema zinajaza chumba.

Mkurugenzi huyo alikuwa George Mbano, Mngoni mwenzangu, msomi wa vyeti vingi.

Kompyuta ya kituo ilikuwa na diski mbili zilizobeba kitu kilekile. Ikifa moja, ya pili inabaki na kila kitu, unachomeka mpya na ile nzima inaimwagia mpya yote iliyonayo. Fulgence alizitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kila Ijumaa alifuta vumbi kwa brashi ya rangi. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye kompyuta na mpini sikioni, akasikiliza.

"Unasikia nini humo?" niliwahi kumuuliza.

"Huyu wa juu anakohoa, mzee Osmund. Wa chini mzima."

Hiyo ilikuwa Machi mwaka 2018. Aliagiza diski mpya kutoka Dar es Salaam. Kabla haijafika akafiwa na shangazi yake kule Hanga. Siku ya kuondoka alizima kompyuta, akazitoa diski zote mbili, akabandika kila moja kipande cha utepe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: A MBOVU, B NZIMA. Akazirudisha mahali pake na kuiwasha. Akamwambia George mbele yangu, "Bosi, nakuomba usiguse mpaka nirudi Jumatatu."

"Kwani mimi mtoto?" George akajibu.

Jumatatu hiyohiyo kituo kilikuwa kinatarajia wageni. Jumamosi diski mpya ikafika kwa basi, na George hakutaka wageni wakute kompyuta inapiga kelele za ugonjwa. Akafungua mwenyewe. Hakuizima. Akachomoa ya chini, ile nzima, bila kusoma utepe, akachomeka mpya mahali pake, na ile mbovu ikalazimishwa kumwaga kila kitu peke yake. Mgonjwa huwezi kumtwisha gunia. Ikasaga kwa nusu saa, ikanyamaza kabisa.

Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Sauti zote zilikuwa mkononi mwa George. Ile diski aliyoichomoa ilikuwa nzima, imeandikwa NZIMA kwa herufi kubwa. Angempigia Fulgence simu, jambo lingekwisha Jumapili. Lakini kupiga simu kulikuwa ni kusema, "Nimegusa." Akaifunga diski kwenye gazeti, akaibana kwapani, akaenda nayo nyumbani.

Aliyemwona ni Twaha, mlinzi wa getini, mtu wa Namasakata. Alimweleza Fulgence kila kitu, kisha akamwambia, "Wallahi ndivyo nilivyoona, ndugu yangu. Lakini kwenye kikao sisemi. Nina watoto watano."

Kikao cha kamati ya kituo kilikaa Alhamisi. George alisema fundi alibandika alama kinyume, na kwamba diski zilizokufa yeye mwenyewe amezitupa. Fulgence alisimama akasema, "Iliyotupwa iko wapi? Nionyesheni jalala, nitaichimbua kwa kucha." Mjumbe mmoja akamwambia asitutishe. Tulikuwa wajumbe watano. Tukaandika kwamba fundi Kalinga, kwa uzembe, amepoteza sauti za wazee mia mbili na kumi na wawili. Nilitia saini ya tatu. Nilikuwa na hasira ya kanda zangu zilizochomwa, nikamtafuta wa karibu wa kumpiga.

Tangu hapo akawa Mfuta Wazee. Mtu aliyebeba kompyuta yake kwa fundi aliambiwa, "Usimpelekee yule, atakufutia na bibi yako." Akafungua kibanda barazani kwake akibadilisha diski za wauza nyama waliofunga kamera na za wapiga picha za harusi. Kanisani watu walibanana benchi la mbele, la kwake likabaki na nafasi. Alikwenda kwa George mara moja tu kuidai ile diski, George akacheka mbele ya wageni wake: "Diski gani? Nyie Wahehe mmezoea kutafuta mbwa, sasa mnatafuta diski!" Wakacheka wote, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, kama sisi Wangoni tunavyotaniwa kwa panya. Ni utani, ungefanyaje?

Fulgence aliniambia baadaye kwamba siku ile, akiwa njiani kurudi, ndipo alipopata wazo. George ndiye aliyeutumia utani kumfungia mlango, basi utani huohuo utamfungulia. Akasubiri miaka sita mtu afe.

George alikufa mwaka juzi, mwezi wa Julai, kwa shinikizo la damu. Nyumbani kwake Ruhuwiko turubai zilifungwa, viti vya kukodi vikapangwa, mshereheshaji akashika kipaza sauti. Saa nne asubuhi Fulgence akaingia na Wahehe wenzake watatu, amefunga tai shingoni juu ya fulana.

"Fungeni mbwa!" mtu akapiga kelele. "Wahehe wamekuja!"

"Fungeni na panya wenu, Wangoni," akajibu Fulgence, "msije mkamla hata aliyekuja kutoa pole."

Watu wakacheka. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba watani wana dakika mbili, na muda wao bado.

"Marehemu amekupa ratiba ya kufa?" Fulgence akamuuliza, akampita.

Akaingia mpaka ndani. Wazee tuliokuwepo tuliinuka kumfuata, kwa furaha, nakiri, kwa sababu tulikuwa hatujaona mtani halisi miaka mingi. Mjane, Dorine, alikuwa amekaa mkekani na wanawake.

"Mke wangu," Fulgence akamwambia, maana mtani humwita hivyo mjane, "mume wako kaniachia koti na sanduku. Nipe funguo."

"Chukua, Mhehe mwizi," Dorine akasema, akicheka na kulia, akafungua ufunguo uliokuwa kwenye ncha ya khanga yake. "Ukikuta pesa tutagawana."

Lilikuwa sanduku la bati, la vyeti. Fulgence alivaa kwanza koti la George, likamzidi mabega, akatembea chumbani akitanguliza tumbo, kama George kabisa, mpaka dada wa marehemu akagaragara kwa kicheko. Kisha akapiga magoti na kutoa vyeti kimoja kimoja, akivisoma kwa sauti ya George. Chini kabisa palikuwa na gazeti lililokunjwa. Alipolifungua, hakuigiza tena. Nilikuwa mlangoni. Niliona utepe na mwandiko wake: B NZIMA.

Akatoka nayo nje mpaka katikati ya turubai. Watu wa ofisi walikuwa viti vya mbele, na wajumbe wenzangu pamoja nao. Akachuchumaa na kuigiza mtu anayefungua kompyuta. "Kwani mimi mtoto?" akasema kwa sauti ya marehemu. Akachomoa diski hewani, akaisoma, akatoa macho, akaibana kwapani na kunyata kuelekea getini. Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mkurugenzi mpya wa kituo alipiga makofi. Hakuelewa hata mmoja. Ndivyo tulivyofikia: mtu anakwambia ukweli kwa njia ya babu zako nawe unadhani ni kichekesho kilichowekwa kwenye ratiba.

Mimi nilielewa, na Twaha. Alikuwa amesimama nyuma na kofia yake mkononi, hakucheka.

Diski iliyolala miaka sita haiamshwi kwa pupa. Fulgence aliiacha siku tatu chumbani izoee joto la nyumba. Alisugua meno ya shaba ya diski kwa kifutio cha penseli. Alipoiwasha aliweka mpini wa bisibisi sikioni, akasikia inazunguka bila kukwaruza. Hakufungua hata sauti moja mpaka alipokamilisha nakala mbili. Siku ya tano akaniita, akanisikilizisha mjomba wangu, aliyekufa mwaka 1991, akihesabu majina ya ukoo wetu. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Mko wangapi hai mliotia saini?" akaniuliza.

"Wanne."

"Andikeni barua nyingine. Isomwe kwenye ukumbi uleule, niwepo."

Niliipeleka hoja. Mkurugenzi mpya akasema kituo hakiwezi kuandika barua kwa sababu ya mchezo wa msibani, na kwamba Kalinga arudishe mali ya kituo mara moja au ataitwa polisi. Wajumbe wenzangu wakasema marehemu asisemwe vibaya. Mimi niliandika barua yangu peke yangu. Fulgence aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya gundi.

Kisha akafanya hivi. Alinakili kila mzee kwenye flashi yake, mia mbili na kumi na mbili, na akaanza kuzipeleka kwa familia zao, kijiji kwa kijiji. Bure. Lakini kila sauti inatanguliwa na sauti yake mwenyewe, taratibu, kama karani wa mahakama: "Mimi ni Fulgence Kalinga, fundi. Sauti utakayoisikia ilikuwa kwenye diski nzima iliyochomolewa na George Mbano, Jumamosi tarehe kumi na saba Machi 2018, akaificha kwenye sanduku lake. Walioandika kwamba niliipoteza mimi ni hawa." Yanafuata majina matano. La tatu ni langu. Nikitaka kumsikia mjomba, sharti nijisikie kwanza mimi.

Polisi walifika kibandani, wakamkuta na nakala na diski, wakachukua diski. Yeye akawasindikiza mpaka barabarani. Kituo chetu cha sauti sasa kina diski, ila hakina fundi anayethubutu kuiwasha. Waliomwendea Fulgence kumwomba aiwashe aliwaambia anaogopa kuwafutia wazee.

Mwezi uliopita Dorine alikuja. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda. Alikuwa amebeba kuku jike mwenye madoa, amemfunga miguu, kama inavyotakiwa.

"Nimekuja kukomboa, mtani."

"Umechelewa, mke wangu. Kitu kilichukuliwa na polisi."

"Sikutaka chuma." Akaketi. "Baba mkwe alirekodiwa na mzee Osmund hapa. Wanangu hawajawahi kumsikia babu yao. Nipe yeye. Ila yale maneno ya mwanzo, nakuomba, uyatoe. Kwenye msiba ulishasema. Tulicheka. Utani unaishia hapo."

Aliyosema ni kweli, na kama mtu wa desturi nilipaswa kumwunga mkono. Mtani akiletewa kuku hurudisha, na moyo wake unarudi na kile kitu. Fulgence alimtazama yule kuku.

"Niliitwa Mfuta Wazee miaka sita," akasema. "Mke wangu wa kweli alihamia kwao kwa aibu. Nani alikuja na kuku?"

Fulgence akachomeka flashi, akageuza spika ndogo kumwelekea, akabonyeza. Ikatoka ile sauti ya karani, jina la George likatajwa na sanduku lake la bati. Dorine hakuziba masikio. Majina matano yakapita, langu likiwemo, kisha mzee Mbano akakohoa na kuanza kueleza jinsi baba yake alivyopanda migomba ya kwanza pale Ruhuwiko.

Alisikiliza mpaka mwisho, dakika kama kumi na saba. Akanyoosha mkono.

"Watoto watauliza," alisema.

"Waambie."

Akaifunga flashi kwenye ncha ya khanga, akamnyanyua kuku wake na kuondoka naye. Baadhi ya watu wanasema Fulgence amezidi, ameua hata kile kipande cha utani kilichobaki. Huenda. Mimi nilimsogezea flashi ya familia nyingine, akaendelea kunakili.