Ufito Unaosikia

Dukani Litein tulikuwa watatu: muuza vifaa vya kuvulia, rafiki yangu mwalimu mstaafu, na mimi. Niliwaeleza kwamba ufito wa kuvulia wa grafaiti, ukirusha chambo chepesi cha bati, husikia hata samaki akipumua.

"Wangu uwe kiziwi, bora upindike," rafiki yangu alisema, akachagua wa faibaglasi.

Jumamosi, bwawani Boito, nilirusha kwa madaha. Chambo kilinasa kwenye mchai nyuma yangu, na ufito wangu wa grafaiti ukavunjika.

Rafiki yangu alitega sikio. "Sasa umesikia nini, mzee?"

Kisha akanipa wake. "Shika huyu kiziwi. Utanirudishia."

Miezi ikapita, na kila aliponiuliza ufito wake, nilimjibu kwamba bado nautafutia kasoro. Mpaka leo uko nyuma ya mlango wangu. Rafiki yangu alifariki Jumanne iliyopita.