Mpira wa Kumwonea Shemeji

Katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, mzee mmoja kutoka Ahero aliomba mipira ya plastiki. Mwenye duka, mtu mpole mwenye kilemba, alimuuliza ni ya kupitisha nini.

"Pombe ya busaa," mzee akajibu. "Tunainywa kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na siku hizi matete mazuri ya kunywea hayapatikani."

Mwenye duka hakucheka. Aliweka kando mpira wa petroli, maana ungeharibu ladha, akaleta mwembamba wa maji ya kunywa. Mzee akautumbukiza kwenye glasi ya maji, akavuta. Ukabonyea, ukaziba.

"Mzee, chukua huu mweusi. Ni mnene, haubonyei."

"Nataka wa kuona ndani. Shemeji yangu huweka mrija mdomoni, anaitikia siasa kwa kichwa, halafu anaapa hajaonja. Na chungu kimeisha. Jumamosi nitamshika."

Ukapatikana mnene unaoonyesha, ukakatwa vipande vinne virefu vya wageni. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tuliona haki imetendeka. Kisha mzee akaegemea kaunta, akashusha sauti.

"Bwana, cha tano nikatie ule mweusi."

"Wa nani huo?"

"Wa mwenyeji wao."

Nimekaa katika kamati nyingi zilizogawa mipira hivyohivyo.

Mimi nilinunua mpira wa kumwagilia maua ya marehemu mke wangu, nikarudi nyumbani na kisa kizuri. Aliyezoea kusimuliwa hayupo, kwa hiyo nimewaletea ninyi.