Paa la Muzee Rukara na Mvua ya Mawe

Siku yangu ya kwanza kazini, Kapita Faustin alinipa nyundo, akauliza: «Weye, masomo uko nayo?»

«Ya tatu primeri, Papa Kapita.»

«Inatosha. Kule juu hakuna ubao.»

Kapita ndiye mkubwa wa shantye, pale panapojengwa. Huyu nitamtaja jina mpaka kaburini, kwani karibu aninyime bibi wa kuoa.

Nyie vijana munaojenga leo, sikieni. Bati lina namba. Namba 28 ni nene. Namba 32 ni jembamba kama ganda la kitunguu. Ukitaka paa livumilie mvua ya mawe, chukua 28, panga shevron karibu karibu, zile mbao zinazobeba bati, na mwinuko uwe mkali ili barafu iteleze. Hiyo nilijifunza kwa kupanda paa na kushuka. Faustin naye aliijua, ila hakuitumia.

Volkano ilipomwaga moto, wenzetu wa Munigi walikimbia na magodoro. Mimi na mama tulipanda juu kung'oa mabati. Nyumba ikaungua, mabati yetu ya 28 yakapona, tukajenga tena palepale juu ya mawe meusi.

Kisha nikamposa Furaha wa Kalengera. Baba yake, Muzee Rukara, hakuomba ng'ombe. Alisema: «Mukwe wangu ni fundi. Anipe paa, nimupe mutoto.»

Nikamwambia: «Papa, niko na mabati ya zamani, lakini ni ya nguvu. Matundu ya misumari nitaziba na lami.»

«Ya zamani? Binti yangu ni wa zamani?»

Basi nikamwomba kapita wangu Faustin, akaleta yake mapya. Juu ya rundo aliweka mawili ya 28. Chini yote 32. Nilipoinua la tatu, likakunjika kama chapati. Nikalalamika. Akasema: «Weye ni wa misumari. Miye njo kapita.» Nikayapigilia. Muzee naye alikuwa nje akitazama lile ng'aa-ng'aa: «Watu wa mji wa Kiwanja wataliona!»

Siku ya kupokea posa, familia zote mbili zimekaa, kasiksi, ile pombe ya ndizi, imejaa vikombeni, Faustin mbele kama mgeni wa heshima. Ghafla: ta-ta-ta-ta! Kwa zile vita zetu hakuna aliyeuliza. Sote chini, matumbo sakafuni, kama watu waliofanya mazoezi.

Muzee akapiga kelele: «Wanatokea upande gani?»

«Juu, Papa! Ni mvua ya mawe!»

«Wamepanda juu ya paa?»

Hapo donge la barafu likapasua bati na kutumbukia katika kikombe cha Faustin. Lingine likafuata. Tulipoinuka, tuliona mawingu tukiwa ndani ya nyumba.

«Hakuna paa, hakuna bibi,» alisema Muzee. Faustin alikuwa ameshapita mlangoni.

Basi nikarudi Munigi, nikavua paa la mama yangu mwenyewe. Mama akalala chini ya bashi, turubai tu, akinitukana kila nilipopita. Mabati yakapanda Kalengera. Mwezi haukuisha, mvua ya mawe ikarudi, ikapiga mpaka ikachoka. Vibonyeo tu, hata tone moja halikupita! Muzee akacheza uani na kofia mkononi. Furaha akawa wangu.

Halafu waasi wakapita barabarani. Komanda wao, aliyejiita Kifaru, akagonga paa kwa fimbo. «Hii ni ya nguvu. Fundi ni nani?»

Muzee, bila kukawia: «Ni mukwe wangu!»

Nikaling'oa mwenyewe, msumari kwa msumari, bunduki ikinitazama mgongoni. Nyumba ya jirani ilikuwa imetoka tu kuezekwa na Faustin. Kifaru alilisukuma bati kwa kidole, kidole kikapita. «Hii muachie mwenyewe.» Jirani yule analala pakavu mpaka leo, isipokuwa pale pa kidole.

Muzee aliniambia nimrudishe binti yake. Furaha akamjibu: «Papa, mumesema paa. Paa alileta. Weye njo ulionyesha fundi.» Mimi na Furaha tukashuka Munigi, chini ya bashi ya mama.

Sasa magoti yameisha, sipandi tena. Lakini watu bado wanakuja: «Muzee, bati gani linashinda mvua ya mawe?» Nawaambia 28, shevron karibu, mwinuko mkali. Ila kwanza nawauliza: nyumba yako iko mbali kiasi gani na barabara?