Kiti cha Gari Katika Nyumba Isiyo na Gari

Mie shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali nisamehewe. Haya nayatoa kwenye daftari langu la miaka ile, na nimeyasoma mara mbili kuangalia kama kuna mtu nimemwonea. Sidhani, lakini hakika sina.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kumiminika nchini. Nilikuwa nafua na kupiga pasi kwenye nyumba moja Kawe, kwa wageni waliokuja na mradi. Kwetu ni Temeke, nyumba ya mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa fundi seremala kwenye karakana moja Chang'ombe. Binti yetu alikuwa ametimiza miaka miwili bila kukaa. Shingo laini, mgongo haumshiki. Ukimlisha amelala, uji unampalia mpaka midomo inabadilika rangi. Kliniki walituambia lazima ale akiwa wima. Cha kumsimamishia hawakutupa. Siwalaumu, hawakuwa nacho.

Tulimjaribisha kwenye beseni lenye mito, akateleza. Tulimfunga kanga kwenye kiti cha mume wangu, akapinda kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Aliyeweza kumshika sawasawa ni mimi, na mimi nilikuwa Kawe kutwa.

Basi yule mama wa Kawe, mwanawe wa mwisho alipokua, akanipa kiti chake cha gari. Ni kile cha kumfunga mtoto ili breki zikipigwa asirushwe. Nikakiingiza mtaani nimekibeba kichwani, na jirani yetu mmoja, hodari wa maneno, akanidaka mlangoni.

"Shoga, hicho kiti cha gari. Gari lenyewe liko wapi?"

Mama mkwe akamjibu kutoka ndani, hata hajatoka. "Liko bandarini Kurasini, linasubiri kutolewa. Kiti kimetangulia kuja kuangalia majirani wakoje."

Mume wangu akakitengenezea fremu ya mbao, kikasimama imara kama kiti cha kinyozi. Mkanda mabegani, mkanda kiunoni, mmoja katikati ya miguu. Tukamfunga. Kwa mara ya kwanza mwanangu alitutazama usawa wa macho, akala bakuli zima bila kukohoa. Siku ile kwenye daftari niliandika neno moja tu: Amekula.

Halafu zikaanza barua.

Mama wa Kawe aliponunua kiti kwao alijaza kadi, kiwanda kikawa na anwani yake, na barua zikamfuata mpaka Dar es Salaam. Ya kwanza ilisema karatasi ya manjano iliyobandikwa ubavuni inaweza kubanduka, mtoto akaila. Kiti kirudishwe, wabandike nyingine. Sasa ile karatasi mimi niliisugua kwa steelwool siku ya kwanza, nikidhani ni uchafu wa dukani. Nikamwambia, "Mama, mtoto hakuila. Niliiondoa mimi." Akacheka, yakaisha.

Ya pili ilisema sponji ya ndani inashika moto upesi ikikaribia mwali. Nilitaka kucheka tena. Lakini jioni, nikiwa napika, nikaona jiko la mkaa liko hatua moja kutoka kwenye kiti. Nikalihamishia uani. Hapo walisema kweli, na niliandika hivyo.

Ya tatu ilionya kwamba kile kifungo cha chuma, gari likiachwa juani, kinapata moto na kinaweza kumchoma mtoto paja. Kiti changu kilikaa ukumbini, ambako mchana unatafuta sindano kwa kupapasa. Jua lingelazimika kupiga hodi.

Ya nne ndiyo iliyoniudhi. Kwa kuwa marekebisho yamekuwa mengi, kiwanda kimeamua viti vyote vya aina ile visitumike tena. Mwenye nacho akate mikanda kwa mkasi, atume kipande cha mkanda pamoja na fomu, naye ataletewa kiti kipya.

Mama wa Kawe alinisomea nikiwa napiga pasi. Kiswahili alijifunza darasani, akikisema polepole, kila neno linasimama peke yake.

"Dada, kiti kile si salama."

"Kuna mtoto ameumia, Mama?"

Akairudia barua, kidole kwenye mistari. "Hapana. Wanasema inawezekana."

"Na kipya kitafika lini?"

"Labda miezi mitatu. Labda minne."

"Hiyo miezi minne atakaa wapi?"

Akaikunja barua. Akasema, "Kikimdhuru nitajuta maisha yangu yote."

"Kikimdhuru, Mama, atakayelia ni mimi. Ya barua inawezekana. Yangu yameshatokea, mtoto anapaliwa. Sikileti."

Nilijishangaa. Sikuwahi kumwambia hapana, hata kwa shati. Nikiwa bado najishangaa, pasi ikaunguza kola ya shati la mumewe. Nilimwonyesha mwenyewe. Hakunikaripia, na hilo nalo niliandika.

Nikarudi nyumbani na wasiwasi. Mie nani, nibishane na watu wenye kiwanda? Nikafunga kwenye kiti mfuko wa mchele wa kilo ishirini, nikautikisa, nikaulaza ubavu, nikaupindua. Mume wangu akaniuliza mchele umefanya kosa gani. Mikanda haikuachia. Hapo moyo wangu ukatulia kwenye neno langu.

Jumamosi mama wa Kawe akaja Temeke mwenyewe. Ndani ya mkoba alikuwa na fomu na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Alikuja kwa nia njema, nasema hivyo mpaka leo. Mtu asiyejali asingefunga safari.

Mama mkwe akamkaribisha mkekani. Kwetu mgeni hatoi shughuli yake kabla hajanawa na kuonja kitu, na nyumba yenye mtoto, mgeni hupakatishwa mtoto. Kumnyima ni kama kumwambia jicho lako baya. Ilikuwa saa ya uji. Mama mkwe akamfungua binti yangu kwenye kiti, akamweka mapajani mwa mgeni, akamkabidhi kijiko.

"Mpakate, mwanangu. Mlishe mjukuu wangu kidogo, kisha ukate hiyo mikanda yako."

Ningeweza kumzuia. Sikumzuia. Hapo ndipo ninapojiuliza mpaka leo kama nilitenda haki.

Yule mama ana watoto watatu, kulisha anajua. Lakini kichwa kilimwangukia mkononi, mgongo ukateleza, kijiko cha pili kikampalia. Mtoto akakohoa, akakakamaa, uji ukaruka mpaka kwenye gauni la mgeni. Nilimchukua, nikamwinamisha, nikampiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Mama wa Kawe alikuwa mweupe kuliko alivyokuja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto, akamrudisha kwenye kiti, akafunga mikanda yote mitatu, akavuta mmoja mmoja kuhakikisha. Mtoto akala uji uliobaki kwa mkono wake yeye.

Mama mkwe akasogeza mkasi kwa ncha ya kidole. "Huu tukukatie nao limao, au?"

Mgeni akacheka, ingawa macho yalikuwa na maji. Akaniambia, "Nitaandika kwamba nimekiharibu. Hawatajua."

"Usiandike," nikasema. "Usinisemee uongo, Mama. Andika kiko Temeke, mwenyewe amekataa."

"Watauliza sababu."

"Basi lete, niandike mie."

Akanionyesha mstari unaouliza kiti kiko katika hali gani kwa sasa. Sikujua kama fomu ya watu wakubwa inaandikwa Kiswahili, na mwandiko wangu si wa kusifiwa. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa ili wasipate shida: KIMEKALIWA.

Mama mkwe akataka niishie hapo. Lakini nafasi ilibaki, na haki ni haki, kwa hiyo chini yake nikaongeza kwamba lile la jiko walisema kweli, nimelihamisha, na ninawashukuru.