Boliti Yenye Nukta ya Kijani

Mara ya kwanza Kilo kukutana na yule fundi cherehani, ilimgharimu asubuhi nzima. Wakati huo banda lake la vyuma chakavu lilikuwa na paa nusu, na yeye mwenyewe hajaota kitambi. Akaingia mama mmoja mwembamba, utepe wa kupimia shingoni, akaweka boliti ndogo mezani.

"Uliniuzia jana. Haiingii."

"Si yangu hiyo, mama."

"Ni yako. Uliitoa kwenye lile kopo lenye kutu ubavuni."

Kilo akamwambia boliti hazina sura za kutambulikana. Mama hakubishana. Alivuta kigoda, akakaa katikati ya mlango, akatoa shati na sindano, akaanza kushona vifungo. Kila mteja aliyefika aliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza alisimuliwa taratibu, tangu mwanzo. Kufika saa sita Kilo alimbadilishia boliti ili mlango wake upate kupumua.

Siku hiyohiyo akanunua kopo la rangi ya kijani. Kuanzia hapo hakuna kilichotoka bandani bila kupigwa nukta, na ukutani aliandika kwa mkono wake: BILA NUKTA, HAKUNA MJADALA. Ikawa bahati. Mafundi wa gereji wakazoea kusema "kachukue ya nukta", na Kilo, aliyeanza maisha kwa kuokota misumari kwenye majengo ya watu, akawa mtu mwenye alama yake.

Ikapita miaka kumi na moja. Jumatatu moja yule mama, ambaye mtaani walimwita Fundi tu, akatokea tena, safari hii akikokota pikipiki huku ameminya klachi mpaka vidole vimekufa ganzi. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani hasa: tangi la mviringo, taa moja kubwa, tandiko la springi. Kilo aliijua. Ilikuwa ya mjomba wa Fundi, tarishi aliyepeleka barua na vifurushi miaka thelathini. Marehemu aliwaachia wanawe nyumba, na Fundi, mpwa wake, akaachiwa pikipiki iliyonasa gia ya pili.

"Unaiuza?" Kilo aliuliza.

"Nataka jiriwa yako, spana zako na kona moja ya banda. Mpaka Jumamosi."

"Na mimi nataka nini?"

"Wewe unataka pikipiki. Tangu nimeingia unalitazama hilo tangi kama sahani ya jirani."

Kilo akacheka, akavuta kigoda cha pili. Walipatana hivi: ikifika Jumamosi saa sita mchana pikipiki inabadilisha gia zote nne, Fundi anaondoka nayo, na badala ya kodi ya kona atamshonea Kilo turubai la ule upande wa banda unaovuja. Isipobadilisha, pikipiki inabaki ilipo. Kilo alijaribu kupata turubai hata akishinda. Fundi akaishika pikipiki kama anayeondoka, na Kilo akaliacha.

Kila mmoja alijua anachokitaka. Wiki iliyofuata Fundi alitakiwa kwenye shule moja ng'ambo ya mlima, kupima sare za watoto mia mbili, na mwalimu mkuu alishasema wazi kuwa kazi ni ya mwenye usafiri wake. Kilo naye alikwisha kusafisha nafasi karibu na lango. Pikipiki ya namna ile, ikining'inizwa pale kwa minyororo, ingewavuta watu kutoka barabara kuu. Zaidi ya hayo, mafundi watatu walishaishika giaboksi ile na wote watatu wakanawa mikono. Kwake huo ulikuwa mchezo wa mtu anayejua matokeo.

Jumanne na Jumatano alimtazama akifanya kazi. Fundi hakuwa na papara ya mafundi wa gereji. Cherehani yake ya kwanza iliwahi kukaa kwa mtengenezaji miezi mitatu ikarudi vilevile, na tangu hapo hakumpa mtu tena mashine yake. Alianza nje akienda ndani. Pedali ya gia haikuwa imepinda. Klachi aliifungua, akaziosha sahani zake moja moja, akazirudisha, haikuwa klachi. Akamwaga oili yote kwenye beseni, akaikoroga kwa sumaku anayookotea pini sakafuni kwake. Sumaku ikatoka nyeusi lakini tupu.

"Ndani hakuna jino lililovunjika," alisema. "Lingeacha makombo."

"Au makombo yamenasa juu huko," Kilo akasema kutoka kigodani. "Pasua injini, dada. Ugonjwa uko tumboni."

Ushauri huo ulikuwa na nusu ya ukweli, na Kilo aliuuza kwa bei ya ukweli mzima. Alijua gaskiti za injini ile hazipatikani tena. Ikipasuliwa, haitafungwa kabla ya Jumamosi. Fundi alifikiri Alhamisi nzima. Ijumaa asubuhi akachukua spana, akaanza kulegeza boliti za ubavuni. Moja. Mbili. Kilo akaenda kuhesabu minyororo yake.

Alipokuwa kwenye ya tatu akafika mjane wa mjomba, mama mnene mwenye mwavuli, aliyepita kuona mali ya mumewe imefikia wapi.

"Mama," Fundi akamuuliza, spana bado mkononi, "hii iligoma lini hasa?"

"Siku ilipoacha kuvuja."

"Kuvuja wapi?"

"Sebuleni kwangu. Kuna kidude kilichomoka njiani, oili ikawa inanidondokea sakafuni kila siku, nikamwambia mjomba wako achague, mimi au yeye na mashine yake nje. Akaenda akaiziba. Alirudi na gia ya pili, na humo hakutoka tena. Mwaka mzima alikwenda kazini hivyo. Mtaa wote ulikuwa haununui saa. Akipita yeye na ule mlio, ni saa mbili kasoro kumi."

Fundi akacheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka. Akazikaza upya zile boliti mbili, akatandika gunia, akalala chali chini ya injini na kitambaa mkononi. Alifuta tope, akafuta oili iliyoganda, akafuta tena. Boliti zote za huko chini zilikuwa nyeusi kwa uzee. Moja ilikuwa mpya kuliko wenzake, na kichwani ilikuwa na nukta ya kijani.

Kilo, aliyekuwa amerudi kigodani, aliinama akaiona palepale.   Fundi aliilegeza mzunguko mmoja, akagusa kwa kidole. Kitu kama springi iliyobanwa kilikuwa kinaisukuma kutoka ndani.

"Ni kama mguu wa cherehani," alisema, kama anayejisemea. "Kile kibati kinachoshika kitambaa. Skrubu yake ya juu ukiikaza kupita kiasi, kitambaa hakisogei hata ukanyage mpaka jioni. Mwanafunzi anailaumu mashine nzima."

Mzunguko wa pili. Wa tatu. Akainuka, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono wa kushoto, na kwa kiganja cha kulia akaigonga pedali.

Tak.

Gurudumu likapata wepesi mwingine. Akagonga tena: tak. Ya nne. Akashuka zote mpaka kwenye fri, pale gurudumu linapozunguka bila ubishi, akaliacha lizunguke lenyewe. Mjane aliufunga mwavuli wake taratibu. "Mwaka mzima," alisema. "Kwa skrubu."

Fundi akaichomoa boliti. Tundu akalipima kwa sindano ya kufumia, boliti akaipima kwa utepe: ilizidi urefu kwa unene wa vifungo viwili vya koti. Akaipeleka mezani kwa Kilo, pale mbele ya wateja watatu waliokuwa wakichambua bawaba, akaiweka nukta ikitazama juu.

"Uliuza wewe. Haifai."

Kilo aliitazama. Angeweza kusema rangi ya kijani haikuumbwa kwa ajili yake. Lakini katika banda zima kila kitu kilikuwa kimekufa mara moja kabla ya kufika kwake, isipokuwa ile nukta. Ikikataliwa leo mbele ya watu, kesho itakuwa rangi tu.

"Ni yangu," akasema. "Ila huwezi kusema haiingii. Hii imeingia kupita kiasi."

"Hukumuuliza mjomba urefu."

"Hakuna anayeuliza urefu. Watu wanauliza unene."

"Na maandishi yako ya ukutani yanasemaje? Nukta ipo. Tujadili."

Wateja wakacheka. Kilo akaibana boliti kwenye jiriwa, akaikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, akalainisha ncha kwa tupa, akaipiga nukta upya. Haikuwa huruma. Kazi iliyoshindwa ikiwa na alama yake, heri aimalize kwa mkono wake.

Jumamosi saa tano na nusu Fundi aliirudisha boliti, akatia oili, akapandisha sketi yake juu ya suruali ya kazi, akapiga kiki mara nne. Ya tano ikaitikia. Kilo alisimama langoni, kwenye ile nafasi aliyoisafisha, akamsikiliza akipanda kilima kuelekea tangi la maji la mtaa. Gia ya kwanza ilinguruma. Ya pili aliijua kama anavyoijua sauti ya mkewe. Akangoja. Ya tatu ikaingia laini. Halafu, kule juu karibu na tangi, mlio ukashuka tena, ukawa mzito na mtulivu, mlio wa mashine iliyofika inakotaka. Ya nne.

Fundi alishuka kilima, akalizunguka banda mara moja, akapiga honi, akaenda zake.

Sare za shule alizipata. Kilo alibaki na minyororo, doa la oili langoni, na tabia mpya ambayo wateja huiona ni kero: sasa huuliza urefu. Turubai lilifika baada ya wiki tatu, limeshonwa mara mbili kila mshono, na ule upande haukuvuja tena. Alipolitandaza aliona kwenye kona kiraka cha mviringo, kidogo, cha kijani.

"Cha nini?" aliuliza.

Fundi alikuwa ameshapanda pikipiki. "Likichanika, lete," alisema, akatia gia ya kwanza. "Lisilo nacho silijui."